Kurudisha hesabu ya watu nyuma: mwongozo kamili wa kukokotoa idadi ya zamani kwa kiwango cha ongezeko

Swali lenyewe ni fupi. Parishi (hapa Uganda ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa) ina watu 12,000. Idadi yao imekuwa ikiongezeka kwa asilimia 3 kila mwaka. Walikuwa wangapi miaka 10 iliyopita?

Nimelisahihisha swali hili, pamoja na ndugu zake wa kila aina, kwenye madaftari ya wanafunzi. Nalikuta pia kwenye rasimu za maombi ya kisima au kituo cha afya ambazo watu huniletea nizipitie kabla hazijapelekwa wilayani. Majibu mabaya ni yaleyale mawili: 8,400 na 8,849. Jibu sahihi ni takriban 8,929.

Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Anayeandika 8,400 anadai parishi imeongezeka watu 3,600 katika miaka 10, ilhali ongezeko halisi ni 3,071. Amezua watu zaidi ya 500 ambao hawakuzaliwa wala kuhamia. Afisa makini akiligundua hilo, ombi zima linatiliwa shaka, hata kama shida ya maji ni ya kweli. Ndiyo maana naandika kila hatua hapa, pamoja na sababu yake.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Idadi ya watu unayoanzia, pamoja na tarehe yake. Mwaka peke yake hautoshi, na utaona sababu kwenye hatua ya 3.
- Kiwango cha ongezeko kwa mwaka. Hakikisha kweli ni cha mwaka mmoja, si cha miaka yote iliyopita kwa jumla.
- Tarehe ya zamani unayotaka kuifikia.
- Kalkuleta yenye kitufe cha kipeo, yaani cha kuzidisha namba kwa yenyewe mara kadhaa, kilichoandikwa xʸ au ^. Kwenye simu nyingi kitufe hicho hujitokeza ukiigeuza simu ilale upande. Ukikikosa usikate tamaa, ipo njia ya mkono.
- Karatasi na kalamu. Usifanye kichwani.
- Takwimu za sensa za kulinganishia. Kwa nchi nzima, Ofisi ya Takwimu ya Uganda, UBOS, inatupa hizi: mwaka 1991 watu milioni 16.7, mwaka 2002 milioni 24.2, mwaka 2014 milioni 34.6, na mwaka 2024 milioni 45.9.

## Hatua ya 1: Kubali kwamba utagawanya, hutatoa

Hapa ndipo karibu kila mtu anapoangukia, kwa hiyo nitakaa hapa kuliko kwingine.

Nenda dukani kwa mawazo. Kilo ya sukari ilikuwa shilingi 4,000, ikapanda kwa asilimia 25. Robo ya 4,000 ni 1,000, hivyo sasa ni 5,000. Sasa jifanye hukumbuki bei ya zamani, unajua tu bei ya leo na ile asilimia 25. Ukitoa asilimia 25 ya 5,000, unatoa 1,250 na kubaki na 3,750. Lakini sukari haikuwahi kuuzwa 3,750. Ilikuwa 4,000.

Kosa liko wapi? Ile asilimia 25 ilikuwa ya bei ya zamani. Wewe umeikata kwenye bei mpya, ambayo ni kubwa zaidi, kwa hiyo umekata kipande kikubwa kupita kiasi. Bei ilipopanda ilizidishwa kwa 1.25. Kinachofuta kuzidisha ni kugawanya: 5,000 ÷ 1.25 = 4,000.

Watu ni hivyohivyo. Asilimia 3 ya mwaka huu ilihesabiwa juu ya watu wa mwaka jana, na ya mwaka jana juu ya watu wa mwaka juzi. Tazama parishi yetu ikirudi mwaka mmoja mmoja:

12,000 → 11,650 → 11,311 → 10,982 → 10,662 → 10,351 → 10,050 → 9,757 → 9,473 → 9,197 → 8,929

Angalia pengo kati ya namba na namba. Hatua ya kwanza kurudi nyuma inapunguza watu 350, ya mwisho inapunguza 268. Pengo linasinyaa kwa sababu kadiri unavyorudi nyuma, watu wenyewe walikuwa wachache, na asilimia 3 ya wachache ni ndogo.

Sasa yale majibu mawili mabaya yanajieleza. Aliyepata 8,400 alitoa watu 360 kila mwaka mara 10, kana kwamba parishi ilikuwa na watu 12,000 tangu mwanzo. Aliyepata 8,849 alijitahidi zaidi: alizidisha kwa 0.97 mara 10. Alikumbuka kwamba pengo linasinyaa, lakini bado alikata asilimia kwenye namba isiyo yake, kama yule wa sukari.

Ukitaka kujua kama umeelewa, mweleze mtu mwingine kisa cha sukari bila kutazama karatasi. Akikuuliza "kwa nini nisitoe tu?" nawe ukaweza kumjibu, endelea.

## Hatua ya 2: Geuza asilimia iwe kizidishi

Gawanya asilimia kwa 100, kisha ongeza 1.

Asilimia 3 inakuwa 0.03, na kizidishi ni 1.03. Asilimia 2.9 inakuwa 0.029, kizidishi 1.029. Asilimia 3.2 inakuwa 1.032.

Ile 1 inasimama kwa watu waliokuwapo tayari, na desimali ni walioongezeka. Ukiisahau ile 1, umewafuta watu wote wa zamani.

Tahadhari: asilimia 3 si 0.3. Ukiandika 1.3 badala ya 1.03, parishi yetu itarudi hadi watu 870 tu. Jibu likishuka ghafla namna hiyo, rudi hapa kwanza. Angalia hasa asilimia zenye nukta: 2.9 huandikwa 1.029, wala si 1.29.

## Hatua ya 3: Hesabu miaka kwa tarehe

Katika swali la darasani miaka hutolewa: 10, basi. Katika kazi halisi unaitafuta mwenyewe.

Chukua sensa mbili za mwisho. Usiku wa sensa wa mwaka 2014 ulikuwa kati ya tarehe 27 na 28 Agosti. Wa mwaka 2024 ulikuwa kati ya tarehe 9 na 10 Mei. Mtu huona 2014 na 2024 akaandika miaka 10. Lakini hesabu: kutoka 28 Agosti 2014 hadi 28 Agosti 2023 ni miaka 9, kisha hadi 10 Mei 2024 ni miezi 8 na siku 12. Ni miaka 9 na miezi 8.4.

Miezi igeuze kwa kugawanya kwa 12: 8.4 ÷ 12 = 0.7. Kwa hiyo muda ni miaka 9.7.

Tahadhari: miaka 9 na miezi 8 haiandikwi 9.8. Mwaka una miezi 12, hauna 10. Nusu mwaka, yaani miezi 6, ni 0.5. Miezi 3 ni 0.25.

Kalkuleta yenye kitufe cha kipeo inakubali 9.7 bila tatizo. Usiilazimishe iwe 10 kwa kuogopa nukta.

## Hatua ya 4: Pandisha kizidishi kwenye kipeo

Kwa parishi yetu tunahitaji 1.03 kwa kipeo cha 10, yaani 1.03 ijizidishe mara 10. Bonyeza 1.03, kisha xʸ, kisha 10, kisha =. Utapata 1.343916.

Namba hii ina maana yake: katika miaka hiyo 10, kila watu 1,000 wamekuwa 1,344. Kumbe ongezeko la jumla ni asilimia 34 na kidogo, si 30. Zile 4 za ziada ni ongezeko juu ya ongezeko, watoto waliozaliwa na watu ambao wenyewe hawakuwapo mwanzoni. Wanaoweka akiba kwenye SACCO wanalijua jambo hili kwa njia ya riba inayozaa riba.

Huna kitufe cha kipeo? Zidisha kwa kurudufu:

- 1.03 × 1.03 = 1.0609 (hii ni miaka 2)
- 1.0609 × 1.0609 = 1.125509 (miaka 4)
- 1.125509 × 1.125509 = 1.266770 (miaka 8)
- 1.266770 × 1.0609 = 1.343916 (miaka 8 na 2, yaani 10)

Mistari minne badala ya kumi. Njia hii naipenda kuliko kitufe, kwa sababu mwanafunzi anaona kwa macho yake namna ongezeko linavyojijenga.

Tahadhari: usikate desimali mapema. Ukitumia 1.34, utapata watu 8,955, umekosea kwa 26. Ukitumia 1.3, unapata 9,231, umekosea kwa 302. Beba tarakimu sita baada ya nukta mpaka mwisho.

## Hatua ya 5: Gawanya

12,000 ÷ 1.343916 = 8,929.1

Ukitaka kuandika yote kwa mstari mmoja: idadi ya zamani = idadi ya sasa ÷ (1 + kiwango) kwa kipeo cha miaka. Kwenye jedwali la kompyuta au simu, andika =12000/(1+0.03)^10.

Yale mabano ni ya lazima. Bila mabano, mashine inagawanya 12,000 kwa 1 halafu inaongeza kitu kidogo sana, na jibu linatoka 12,000 kamili. Ukiona idadi ya zamani ni sawa na ya sasa, ni mabano. Ukiona idadi ya zamani ni kubwa kuliko ya sasa, umezidisha mahali pa kugawanya: utakuwa umepata 16,127, ambayo ni idadi ya miaka 10 ijayo.

## Hatua ya 6: Tembea mbele ujihakikishie

Chukua jibu lako ulizidishe: 8,929 × 1.343916 = 11,999.8. Tumerudi 12,000, pungufu ya sehemu tu ya mtu kwa sababu tuliacha desimali. Hapo kazi ya kukokotoa imekamilika.

Jaribu vivyo hivyo na 8,400: inatoa 11,289. Na 8,849: inatoa 11,892. Hakuna hata moja linalofika. Ukaguzi huu unachukua nusu dakika, na ungewaokoa wote walioniletea majibu hayo.

Ipo pia njia ya kukadiria kwa haraka. Gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko, upate miaka ambayo idadi huchukua kujirudufu. Kwa asilimia 3 ni miaka kama 23. Maana yake, miaka 23 iliyopita watu walikuwa karibu nusu ya leo. Ukirudi miaka 10 tu ukajikuta chini ya nusu, kuna mahali umeteleza.

## Hatua ya 7: Pima jibu lako kwa sensa

Kanuni yote imesimama juu ya neno moja: thabiti. Inachukulia kwamba asilimia ilikuwa ileile kila mwaka. Swali la darasani linakuhakikishia hivyo. Nchi haikuhakikishii.

Tujaribu Uganda nzima. UBOS ilitoa kiwango cha asilimia 2.9 kwa mwaka kati ya sensa ya 2014 na ya 2024. Tuanze na milioni 45.905 turudi miaka 9.7. Kizidishi 1.029 kwa kipeo cha 9.7 ni 1.31956. Tukigawanya tunapata takriban milioni 34.79. Sensa yenyewe ilihesabu milioni 34.63. Tumekaribia sana, tofauti haifiki nusu ya asilimia moja.

Hiyo tofauti ndogo inatokana na namna kiwango kilivyopatikana. Wataalamu wa idadi ya watu mara nyingi hukokotoa ongezeko kana kwamba linatokea kila siku, badala ya mara moja mwisho wa mwaka. Wao hutumia namba e, ambayo ni takriban 2.71828. Ukipandisha e kwenye kipeo cha 0.029 × 9.7, unapata 1.32485, na jibu linakuwa milioni 34.65, karibu kabisa na sensa. Kwa mtihani wa sekondari tumia 1.029. Kwa ripoti inayotumia kiwango cha namna hiyo, kitufe cha eˣ kitakupa jibu bora.

Sasa turudi mbali zaidi, kwa asilimia ileile 2.9, hadi sensa ya Januari 1991. Ni miaka 33.3. Kanuni inatupa milioni 17.7. Sensa ilihesabu milioni 16.7. Watu milioni moja wamezuka, na hesabu yetu haina kosa hata moja! Tatizo ni kwamba kiwango hakikuwa 2.9 muda wote. Kati ya 1991 na 2002 kilikuwa asilimia 3.2, na kati ya 2002 na 2014 asilimia 3.0.

Dawa ni kurudi kwa vipande. Kila kipindi na kiwango chake:

- Kutoka milioni 45.905, gawanya kwa 1.029 kwa kipeo cha 9.7: milioni 34.79 (mwaka 2014)
- Gawanya kwa 1.03 kwa kipeo cha 11.96: milioni 24.43 (mwaka 2002)
- Gawanya kwa 1.032 kwa kipeo cha 11.67: milioni 16.91 (mwaka 1991)

Kutoka kosa la milioni moja tumeshuka hadi laki mbili na kitu. Ukiwa na viwango vya vipindi, vitumie. Kiwango kimoja kinafaa kwa miaka 10, pengine 15. Kukiburuta miaka 30 ni kukitwisha mzigo ambao hakikuumbiwa.

## Wakati wa kuiweka kanuni kando kabisa

Wilaya zimegawanywa. Sensa ya 2002 ilikuta wilaya 56, ya 2014 ikakuta 112. Wakiso ilikatwa kutoka Mpigi mwaka 2000. Anayechukua watu wa Mpigi ya leo na kurudi hadi 1991, kisha akalinganisha na Mpigi ya sensa ya 1991, analinganisha maeneo mawili tofauti yenye jina moja. Kabla ya kugusa kalkuleta, uliza: mipaka ni ileile? Hali hii iko pia kwenye tarafa, parishi na vijiji. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aliyekaa muda mrefu atakuambia kijiji kiligawanywa lini.

Watu kuhama kwa wingi nako kunavunja uthabiti. Makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe yalifunguliwa mwaka 2016, na ndani ya miezi michache yalipokea watu zaidi ya laki mbili kutoka Sudan Kusini. Hakuna asilimia ya mwaka inayoweza kurudisha hesabu ya mahali pale hadi 2010. Mahali kama hapo tafuta hesabu iliyofanywa, usikokotoe.

## Kama hukupewa kiwango

Ukiwa na hesabu mbili za mahali pamoja, kiwango unakitoa mwenyewe. Gawanya idadi mpya kwa ya zamani. Pandisha jibu kwenye kipeo cha 1 gawanya kwa miaka. Toa 1.

Kwa nchi yetu: 45.905 ÷ 34.635 = 1.3254. Kipeo ni 1 ÷ 9.7. Inatoka 1.0295, yaani asilimia 2.95. Kosa la kawaida ni kuchukua ongezeko lote, asilimia 32.5, na kuligawanya kwa 9.7. Utapata 3.35, na ukirudi nyuma kwa kiwango hicho utapitiliza.

## Hatua ya 8: Andika jibu kwa namna inayoaminika

Usiandike watu 8,929.1. Hakuna sehemu ya kumi ya mtu. Darasani andika 8,929. Kwenye ombi au ripoti andika "takriban 8,900", kisha ueleze ulivyofika hapo: "Yamekadiriwa kutokana na watu 12,000 wa sasa, kwa ongezeko la asilimia 3 kwa mwaka kwa miaka 10." Sentensi hiyo moja inampa msomaji uwezo wa kukukagua. Usiliite jibu lako sensa. Ni makadirio.

## Jipime

Kituo cha biashara kina watu 18,500. Ongezeko ni asilimia 3.2 kwa mwaka. Walikuwa wangapi miaka 7 na miezi 6 iliyopita? Fanya kwanza, ndipo usome chini.

Kizidishi ni 1.032, muda ni 7.5, kipeo kinatoa 1.266478. Jibu ni 14,607.

Ukipata 14,561, umeandika miezi 6 kama 0.6, rudi hatua ya 3. Ukipata 14,496, umezidisha kwa 0.968, rudi kwenye sukari. Ukipata 14,060, umetoa asilimia 24 kwa mkupuo. Rudi kwenye sukari pia, na safari hii andika ule mlolongo wa mwaka mmoja mmoja kwa mkono wako mpaka uone pengo likisinyaa.